Kuwazia si kukumbuka

SWALI: Natafsiri mihadhara ya mwanafalsafa Edmund Husserl kuhusu namna tunavyoutambua wakati. Neno lake la Kijerumani Phantasie, yaani kujiletea akilini kitu kisichopo, nimelitafsiri "ubunifu", na sauti iliyopita punde hivi, ilhali wimbo unaendelea, nimeiita "kumbukumbu". Mhariri amekataa yote mawili. Kwa nini?

JIBU: Mhariri ana haki, na kosa la pili ndilo kubwa zaidi. Katika mihadhara hiyo ya 1905, iliyochapishwa 1928, Husserl anampinga mwalimu wake, Franz Brentano, aliyesema kwamba sauti iliyotoka kupita huletwa akilini kwa nguvu ya kuwazia. Kwa Husserl, sauti hiyo ingali sehemu ya kusikia kwenyewe; bila hivyo tungesikia mlio mmoja mmoja, tusisikie wimbo. Tendo hilo liite "kushikilia". "Kumbukumbu" iachie wimbo wa jana unaourudia kichwani leo.

Kitenzi chetu kinakusaidia hapa. Ukisema "sauti imepita", -me- huacha tokeo likiwapo hadi sasa. "Sauti ilipita" huiweka mbali. Mlingano huu si kamili, lakini ni kipimo kizuri cha rasimu.

Sasa "ubunifu". Fundi hubuni kabati. Anayewazia bahari iliyotulia hajabuni chochote. "Dhana" ni ya kufikiri kwa jumla, na "njozi" itamlaza msomaji wako usingizi. "Taswira" inavutia, ila itakukwamisha Husserl anapotenganisha kutazama picha na kuwazia: picha ina karatasi au turubai iliyopo mbele ya macho, kinachowaziwa hakina. Chagua "kuwazia", kwa upatanisho wa ku-: "kuwazia huku kumekatika".

Angalia pia usichanganye nyakati mbili. Tendo la kuwazia hutokea sasa, dakika hii, na lina mwanzo na mwisho. Kilichowaziwa kina wakati wake usioshikana na kalenda yetu. Waza majini wawili, kila mmoja katika kisa chake: swali la nani alimtangulia mwenzake halina jibu, kwa sababu hakuna wakati mmoja unaowaunganisha.

Ndiyo maana -nge- haifai kwa mifano hii. Hiyo hudai sharti, na anayewazia haweki sharti wala hadai kwamba kitu kipo. Usiandike "ningesikia wimbo". Andika "nauwazia wimbo kana kwamba unaimbwa sasa".