Maswali yenu kuhusu pantoni ya Mto Gambia

Nilipoandika mistari michache kuhusu ugomvi wa Senegal na Gambia juu ya kivuko, uliowaka Gambia ilipopandisha nauli, sikutegemea maswali mengi hivi. Nimechagua sita, nikajibu kwa kadiri nafasi ilivyoruhusu.

Ramani naiona lakini sielewi. Hicho kivuko kinavuka mpaka gani? (Msomaji, Tanga)

Kilikuwa hakivuki mpaka wowote, na ugomvi wote ulizaliwa hapo. Gambia imelala ndani ya Senegal kama ulimi mdomoni: inafuata mto kwa zaidi ya kilomita 300, na upana wake haufiki hata 50. Mwaka 1889 Waingereza na Wafaransa walikubaliana kwamba mpaka uufuate mto, kama kilomita 10 kila upande. Casamance, ambayo ni kusini mwa Senegal, ikabaki ng'ambo.

Basi Msenegali anayetoka Kaolack, kaskazini, kwenda Ziguinchor kule Casamance huingia nchi ya watu pale Keur Ayib, akapita Farafenni, akafika gati la Bambatenda. Hapo, kabla ya daraja, alikuwa akipanda pantoni mpaka Yelitenda, akaendelea hadi Soma, na akishapita Senoba ndipo anakuwa amerudi kwao. (Hilo "tenda" la mwisho wa majina hayo ni la Kimandinka, maana yake gati.) Gati zote mbili ni za Gambia, pantoni ilikuwa ya Gambia, na nauli ilipangwa na Gambia.

Nauli ikipanda si mtu analipa tu na safari inaendelea? Ilikuwaje mpaka marais wakaingia? (Dereva wa lori, Mombasa)

Ndugu dereva, hebu weka namba hizi kwenye hesabu yako ya safari. Februari 2016 Gambia ilipandisha ushuru wa lori la Senegal kutoka faranga za CFA 4,000 hadi 400,000. Umesoma sawasawa, ni mara mia. Hapo unabaki na njia mbili: ulipe na biashara ikufie, au uzunguke kwa Tambacounda upande wa mashariki, mamia ya kilomita zaidi, na mafuta unanunua mwenyewe. Vyama vya wasafirishaji wa Senegal viliamua kufunga njia, magari yasiingie Gambia. Ilichukua takriban miezi mitatu, hadi Mei, ndipo njia ikafunguliwa.

Na haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 2005 Gambia ilipandisha nauli maradufu, madereva wakafunga mpaka vilevile. Oktoba mwaka huo Rais Olusegun Obasanjo wa Nigeria aliwakutanisha Dakar Abdoulaye Wade wa Senegal na Yahya Jammeh wa Gambia. Nauli ikarudishwa ilipokuwa, na wakakubaliana daraja lijengwe. Ninachoshindwa kukisamehe ni hiki: makubaliano yale yalikuwepo, na miaka kumi na moja baadaye dereva yuleyule akajikuta amekwama palepale.

Sisi wa Busisi foleni tunaijua. Wananchi wa kule waliishije? (Msomaji, Sengerema)

Swali lako limenigusa, maana nami nimewahi kulala ndani ya basi upande wa Kigongo, ng'ambo ya Busisi pale Ziwa Victoria, enzi za pantoni, kabla daraja halijafunguliwa Juni 2025. Nakumbuka mama mmoja wa ndoo za sangara wa kukaanga. Kila nusu saa alikuwa anafunua ndoo, ananusa, anafunika. Kadiri saa zilivyokwenda ndivyo bei yake ilivyoshuka, na alfajiri alikuwa anatoa samaki wawili kwa bei ya mmoja. Hiyo ni foleni ya usiku mmoja, ndani ya nchi moja, bila afisa yeyote kumgombeza mwenzake.

Sasa chukua usiku ule uufanye miezi mitatu. Mzigo wa kuoza hauwezi kusubiri wakubwa wapatane. Na usidhani walioumia ni Wasenegali peke yao. Farafenni na Soma ni miji inayokula kwa barabara ile: mama lishe, fundi wa matairi, mbeba mizigo, muuza karanga anayesogelea dirisha la gari. Malori yakikoma, sufuria zao zinalala. Tena watu wenyewe ni wamoja. Wawolofu, Wamandinka, Wajola na Wafula wako pande zote mbili. Mtu ameolewa Soma, mama yake yuko Bignona kule Casamance, na msiba haujui nauli imepanda lini.

Senegal ina bahari. Kwa nini wasipitishe watu kwa meli wakaachana na Gambia? (Msomaji, Unguja)

Walipitisha, ndugu yangu, na jibu lake ni zito. Meli ya MV Le Joola ndiyo iliyounganisha Ziguinchor na Dakar. Barabara ilikuwa na usumbufu wa kivuko, na Casamance ilikuwa na vita vya waasi vilivyoanza mwaka 1982, hivyo watu walijazana melini. Usiku wa 26 Septemba 2002 ilipinduka nje ya pwani ya Gambia. Ilikuwa imejengwa kwa abiria wasiofika 600. Walikufa zaidi ya 1,800, na walionusurika walikuwa 64. Wewe wa Unguja uliyeona MV Spice Islander ikizama Septemba 2011 huhitaji kuelezwa maana ya namba hizo.

Mbona unailaumu Gambia tu? Nchi ndogo haina haki ya kutoza? (Msomaji, Kampala)

Haki inayo, na hofu yake ilikuwa na chanzo. Mwaka 1981 palipotokea jaribio la mapinduzi Banjul, mji mkuu wa Gambia, ni majeshi ya Senegal yaliyoingia kumrudisha Rais Dawda Jawara madarakani. Mwaka uliofuata nchi hizo mbili zikaunda shirikisho la Senegambia, likavunjika 1989. Ukiwa umezungukwa na jirani mmoja pande zote isipokuwa baharini, mto ndio turufu yako pekee. Senegal nayo ilikuwa na manung'uniko yake: iliishuku Gambia ya Jammeh kwamba inawapa waasi wa Casamance mahali pa kujificha.

Kutoza ni sawa. Kupandisha mara mia bila jirani kujiandaa si kutoza, ni kumkaba, na anayekabwa si rais wa Dakar. Ni utingo aliyelala chini ya lori.

Daraja lilijengwa au bado ni ahadi? (Msomaji, Kigoma)

Lilijengwa, kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika. Jiwe la msingi liliwekwa 2015, Jammeh akiwa bado madarakani. Akashindwa uchaguzi wa Desemba 2016, akaondoka nchini Januari iliyofuata. Tarehe 21 Januari 2019 Adama Barrow, aliyemrithi Jammeh, na Macky Sall, rais wa Senegal wakati huo, wakalifungua pamoja. Yalianza kupita magari madogo, malori yakafuata baadaye mwaka huohuo.

Tozo ipo bado, na inalipwa Gambia. Kwa hiyo, ndugu wa Kigoma, pantoni imeondoka lakini mwenye kupanga bei ni yuleyule.