Dada, usilipe nafasi ya hema kule chini kabla hujajua mazuku iko wapi

Usitume hiyo feza. Maswali yako sikuyamaliza kuyasoma mara ya kwanza. Nilifika pale uliposema mwenye nyumba ya wageni amekupa nafasi ya hema "chini kabisa karibu na maji, pamejikinga, upepo haufiki", dola 5 badala ya dola 20 za chumba, na kwamba mnatoka Lubumbashi watatu, wewe, rafiki yako na mtoto wako wa miaka sita, mlale siku tatu. Hapo nikaishiwa nguvu. Maneno hayohayo niliambiwa mimi Agosti 2019, ukingoni mwa ziwa Kivu, upande huohuo wa barabara ya Goma kwenda Sake, na kidogo tu nimrudishie mama yangu maiti ya mtoto wake.

Huko kwenu Lubumbashi hamna mazuku, kwa hiyo sikulaumu kutokujua. Mimi ni mtu wa Goma, nimekua nikisikia neno mazuku tangu mdogo, na bado nikalala ndani yake. Wazee walisema ni upepo mbaya unaoua usiku, nami nikaliweka neno hilo pamoja na hadithi za kututisha watoto tusitoke nje giza likiingia. Si hadithi. Chini ya haya mawe meusi yaliyomwagwa na volkano zetu kuna nyufa, na katika nyufa hizo inatoka gesi ya kaboni dioksaidi; hiyo ndiyo mazuku. Haina rangi, haina harufu. Ni nzito kuliko hewa, karibu mara moja na nusu, kwa hiyo inatelemka kama maji ya mvua na kujaa popote penye shimo au bonde dogo. Mchana jua na upepo vinaitawanya. Usiku, hewa ikitulia, inajikusanya kidogo kidogo, na kabla ya mapambazuko ndipo inakuwa nyingi zaidi.

Sasa rudia kusoma ulichoambiwa. Pamejikinga. Upepo haufiki. Chini kabisa. Yule mtu anakusifia mahali kwa sifa zilezile za shimo la mazuku.

Mimi nilikwenda na mdogo wangu, alikuwa na miaka 19, amemaliza mitihani ya serikali, nikataka nimpe siku mbili za kupumzika ziwani. Ilikuwa wakati ule wa Ebola, kila kona ya mji ndoo ya maji ya kunawa na mtu wa kukupima joto, na sisi tulitaka kutoka tu kwenye ile hofu. Feza zilikuwa chache. Chumba dola 20, hema dola 5. Mlinzi akatushusha kwa njia ya mawe mpaka kwenye kiwanja kidogo cha majani, mawe yamekizunguka pande tatu, mbele maji. Pazuri kweli, hilo sitalikana. Nikamuuliza, "Mazuku iko hapa?" Akajibu bila hata kusimama, "Hapana papa, hapa iko muzuri, wazungu wanalalaka hapa kila wiki."

Tukala sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, na bugali, tukatazama taa za wavuvi zikitapakaa ziwani, tukalala. Mimi nilikuwa na godoro la kujaza upepo. Mdogo wangu alitandika mkeka, upande wa chini.

Kama saa kumi za usiku niliamka kichwa kikigonga kama kinapasuliwa, moyo unakimbia, nahema kama mtu aliyepanda mlima, na sijatembea hatua moja. Nilifikiri ni malaria. Nikaketi, kichwa kikapata nafuu kidogo. Nikamwita mdogo wangu. Kimya. Nikamshika bega, akalegea mkononi mwangu. Nikainama kumbeba, na nilipoinama tu miguu ikaniishia, giza likaja machoni. Nilisimama kwa kushika mti wa hema, nikaliangusha hema lote, na nikapiga kelele ambayo sijui ilitoka wapi.

Aliyetuokoa ni mvuvi. Alikuwa anarudisha mtumbwi wake, akasikia, akaja anakimbia juu ya mawe na tochi. Hakushuka. Alisimama ukingoni akapiga kelele, "Mazuku! Usiiname! Uvute pumzi huku juu, kiisha ushuke umukamate mikono!" Nikapanda mawe mawili matatu, nikavuta hewa, nikabana pumzi, nikashuka nikamvuta kwa mikono miwili kama gunia la makaa mpaka mvuvi akaweza kumfikia. Mgongo wa kijana ulichubuka wote. Baadaye nilielewa kwa nini yule baba hakushuka moja kwa moja: anayeinama kumwinua mwenzake anaingiza kichwa chake mwenyewe ndani ya gesi, na hapo wanakuwa wawili chini.

Mdogo wangu alipelekwa mjini kwa gari la mtu aliyekuwa amebeba mboga za soko. Oksijeni, siku nne kitandani, dola 340 nilizokopa kwa shangazi na kuzilipa mpaka Pasaka ya mwaka uliofuata. Niliokoa dola 15 kwa kila usiku. Na hiyo feza si kitu. Wiki nzima alikuwa ananiuliza jambo lilelile mara tatu kwa saa moja, mama anatoka chumbani kwenda kulia jikoni ili asimwone. Leo ni mzima, anafundisha shule, namshukuru Mungu kila nikisikia sauti yake kwenye simu.

Niliporudi kuchukua vitu vyetu, mchana, jua kali, kiwanja kizuri vilevile, nikaona ndege wawili wadogo wamekufa kwenye majani. Mama mmoja aliyekuwa analima maharagwe juu ya hapo akaniambia, bila kushangaa hata kidogo, kwamba mbuzi wake wawili walifia palepale msimu uliopita, na kwamba watoto wao wanakatazwa kushuka kabla jua halijapanda. Watu wote wa pale walijua. Mlinzi alijua. Mwenye nyumba alijua, kwa sababu mama huyo alikwenda kumdai juu ya mbuzi wake. Nilipomkabili akaniambia kwamba mimi ni mtu wa Goma, nilipaswa kujua mwenyewe. Miaka imepita na jibu hilo bado linaniwasha kifuani. Mtu anapokea feza yako, anakushusha kwa mkono wake mwenyewe mpaka penye kifo, anakutakia usiku mwema! Na wale waliokuwa wanasifia mahali pale mtandaoni, "mwambao wa amani, bei ya maskini", walipiga picha saa kumi na moja jioni upepo ukivuma, wakaenda kulala vyumbani juu. Hakuna aliyeandika alilala wapi.

Basi kanuni yangu ni moja, nimeilipia, chukua bure: lala juu, penye upepo, na kabla ya kutoa hata franga moja usiulize kama mazuku iko. Uliza iko WAPI. Ukiuliza "iko?", mwenye biashara atakujibu hapana na swali limekufa. Ukiuliza "mazuku ya hapa iko wapi, mbuzi wanafiaga wapi?", tena ukamuuliza mama anayelima au mvuvi anayetoka majini, siyo mtu wa mapokezi, utaonyeshwa kwa kidole. Kote huko, kuanzia Himbi na Keshero mpaka Bulengo, Lac Vert na kuendelea Sake, wenyeji wanayajua mashimo yao moja moja. Watu wa OVG, kituo cha Goma kinachochunguza volkano, wamekuwa wakiweka vibao vya hatari sehemu kadhaa, lakini ubao unang'olewa na kuwa kuni. Kukosa ubao si ushahidi wa chochote.

Kuna mtu ameshakujibu kwamba uwashe mshumaa, ukizimika mnatoka. Na mkiwa mmelala, nani anautazama? Mwingine anasema fungua madirisha ya hema. Gesi inakuja kutoka nje na kutoka chini, dirisha litasaidia nini? Na yule aliyesema mnaogopa bure, ziwa halijalipuka: anachanganya mambo mawili. Gesi ya Kivu, kaboni dioksaidi na methani, iko imeyeyuka ndani ya maji ya chini sana, mamia ya mita, na ndiyo Wanyarwanda wanayoivuta upande wa Kibuye kufanya umeme. Hiyo ni habari nyingine. Mazuku inatoka ardhini, nchi kavu, hatua tano kutoka kwenye hema lako, leo usiku, ziwa likiwa limetulia kama kioo.

Hewa tunayovuta ina asilimia 0.04 tu ya kaboni dioksaidi. Ikifika asilimia 10 mtu mzima anaweza kuzimia kwa dakika chache, na ndani ya mashimo mabaya inapita hapo mbali sana. Mara nyingine mtu mrefu anasimama mle na kuona yuko salama, wakati mbwa aliye miguuni pake anakufa. Ndiyo maana nilipoona "mtoto wa miaka sita" sikuweza kusubiri kesho. Mtoto yuko chini akitembea, chini akicheza, chini akilala. Kile kilichomkuta mdogo wangu kwa tofauti ya kiganja kimoja kati ya mkeka na godoro langu, mtoto wako anakibeba kwa urefu wake tu.

Uliuliza pia habari ya kuogelea: mamba hakuna katika Kivu, aogelee mchana mahali ambapo watoto wa pale wanaogelea. Na boti: kama mnapitia Kituku, bandari ya Goma, msipande iliyojaa hata kama wenzenu wote wanapanda. Ile iliyotoka Minova ikazama tarehe 3 Oktoba 2024 ilizama karibu na gati, watu wakiitazama, makumi wakafa. Mnunulie mtoto jaketi lake la kujiokolea mjini, la kipimo chake, msitegemee la boti.

Mengine uliyouliza, umeme na chakula na nini, wengine watakujibu. Mimi nataka unijibu jambo moja kwanza. Piga simu kwa yule mtu, mwambie akutumie picha ya mahali pa hema, aipige akiwa amesimama pale mtakapolaza kichwa, akitazama juu. Ukiona mawe au ukuta wa udongo umezunguka, chukua chumba cha dola 20, ni dola 45 zaidi kwa siku zenu tatu, na kama huna niandikie faragha. Nyumba yetu iko Katindo, hapa mjini Goma, mke wangu amekwisha kukubali, kuna chumba, na asubuhi motari, mtu wa pikipiki, anawashusha ziwani kwa muda mfupi tu. Hema lenu mlilete, mtoto atalichezea uani.