Kila mtihani ukikaribia najiharibia mwenyewe, Anti nisaidie

SWALI: Shikamoo Anti. Mi ni dada wa miaka 31, niko Morogoro, nafanya uhasibu kwenye duka kubwa la vifaa vya ujenzi. Mtihani wa CPA, cheti cha juu cha uhasibu kinachotolewa na NBAA, bodi ya taifa ya wahasibu, nishajisajili mara mbili, ada nalipa, vitabu ninavyo, afu zikibaki wiki tatu hivi kuna kitu kinaniingia sikielewi, mara nikubali kuwa mweka hazina wa kamati ya harusi ya binamu, mara nafua mapazia ya nyumba nzima saa nne usiku, na siku ya mtihani yenyewe siendi. Kazini wananiita kichwa, nyumbani toka niko shule wananiita kichwa. Mama anasema nimetupiwa kitu twende kwa mchungaji. Kuna kocha wa maisha nimemuona Instagram anataka laki nne kwa miezi mitatu, anasema atanibadilisha mtazamo. Nimpe?
Mhasibu, Morogoro

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kuombewa nenda kaombewe, sitagombana na mama, ila jiulize hicho kinachokuingia mbona ukifunga hesabu za mwezi hakiji, mbona kinasubiri mtihani ukaribie tu? Mi naona jibu umeliandika mwenyewe hapo uliposema wanakuita kichwa.

Mwaka 1978 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Steven Berglas na Edward Jones, waliwapa wanafunzi wa chuo maswali, wengine wakapewa yanayojibika na wengine yasiyo na jibu kabisa, yani unabahatisha tu, afu wote wakaambiwa mmefanya vizuri sana. Kabla ya kurudia wakaambiwa wachague dawa, kuna ya kuchangamsha akili na kuna ya kuipunguza. Wale waliosifiwa bila kujua wamefauluje, hasa wanaume, ndo wakaikimbilia ile ya kupunguza akili! Maana ukifeli umefelishwa na dawa, sifa yako inabaki palepale. Na mwaka huohuo wanasaikolojia wengine, Pauline Clance na Suzanne Imes, wakaandika kuhusu wanawake waliosoma sana, wana vyeti na vyeo, ila moyoni wanaamini wamewadanganya watu na siku moja watajulikana.

Sasa rudi kwako. Mapazia na kamati ya harusi ndo dawa yako. Usipokaa kwenye kile chumba cha mtihani hakuna atakayesema kichwa amefeli, watasema alibanwa na harusi, na wewe mwenyewe utalala ukijiambia ningesoma ningefaulu. Huo sio uvivu mdogo wangu, mvivu hafui mapazia saa nne usiku. Unailinda ile sifa, na kuilinda kunakula miaka yako, ndo maana nakuandikia kwa urefu hivi.

Cha kufanya, feli mapema na ufeli peke yako. Jumamosi hii tafuta mtihani wa miaka ya nyuma, funga mlango, weka saa, ufanye mpaka muda uishe hata kama unajua robo yake, afu usahihishe. Utapata alama mbaya pengine, sawa, ila itakuwa ni alama ya kwenye karatasi na utaona ni mada zipi, labda kodi, labda hesabu za makampuni yaliyoungana, kuliko kuogopa kitu kizima usichokijua ukubwa wake. Na usijiambie "nitasoma sana", mwanasaikolojia Peter Gollwitzer ameonyesha miaka mingi kwamba mpango wenye saa na mahali unashika zaidi ya nia tupu, kwa hiyo sema hivi, nikimaliza kula chakula cha usiku nakaa meza ya jikoni nafanya swali moja. Halafu weka na jibu la dharura, mtu akinipigia kuhusu harusi namjibu nitachanga ila kamati siingii mpaka nimalize mtihani. Uliandike kabisa, maana ndugu zetu tunawajua.

Na zile mara mbili zilizopita jisamehe. Kuna utafiti wa Kanada wa mwaka 2010, wanafunzi waliojisamehe kwa kuahirisha kusoma mtihani wa kwanza walipunguza kuahirisha kwenye mtihani uliofuata, sababu ukijichukia kila ukiona kitabu unakumbuka aibu na unakikwepa.

Kuhusu kocha, kazi yenyewe inaweza ikakusaidia kweli, mtu wa pembeni asiyekuita kichwa anayekuuliza Jumatatu ulifanya swali au hukufanya. Ila jua kwamba yeyote anaweza akajiita kocha wa maisha, kuna shirika la kimataifa la makocha, ICF, lilianzishwa 1995, linatoa vyeti lakini hakuna anayelazimishwa kuwa nacho. Muulize amesomea wapi, muombe mkae mara moja kwanza, na usimpe laki nne zote kwa mkupuo. Ukitoka kwake ukiwa na kazi ya wiki hii endelea, ukitoka na msisimko tu basi acha. Na kama ukifikiria mtihani moyo unakwenda mbio, hulali, unalia, hapo acha kocha, nenda hospitali ya mkoa uulize huduma ya afya ya akili.

SWALI: Anti, kocha wangu kanipa sentensi ya kusema kila asubuhi mbele ya kioo, "mimi ni mshindi, napendwa". Mbona nikimaliza najisikia vibaya zaidi?
Baba Junia, Tabata

JIBU: Hujakosea kitu kaka yangu. Mwanasaikolojia Joanne Wood na wenzake Kanada walilipima hilo mwaka 2009, watu wanaojidharau wakirudia sentensi kama "mimi ni mtu wa kupendwa" walijisikia vibaya kuliko ambao hawakusema, kwa sababu moyo unabisha palepale. Sema kitu ambacho moyo hauwezi kukibishia, mfano jana nilimpigia yule mteja niliyekuwa namuogopa. Mweleze na kocha wako hivyohivyo, kama ni kocha mzuri atabadilisha.