Fundi Anajibu: Mdomo wa drili unachomoka, nipige weldi?

Swali: Fundi shikamoo. Niko Nyakato hapa Mwanza, natengeneza mageti na madirisha. Nina drili ya kusimama nilinunua mtumba, sasa kila nikitoboa flati bar, biti ikikaribia kutokea upande wa pili ule mdomo unaoshika biti unachomoka wote na kudondoka, juzi nusura umshukie kijana wangu mguuni. Jirani anasema nipige weldi kidogo tu yaishe. Unanishauri nini?

Jibu: Marahaba. Huyo jirani mwambie asante ila weldi hapana, maana moto utaharibu beringi, na hata umeme wa weldi ukipita kwenye beringi unazitafuna gololi, halafu siku mdomo ukichakaa utautoaje?

Huo mdomo haushikwi na nati wala skrubu, kuna koni juu yake inaingia kwenye koni ya mashine na zinang'ang'aniana tu. Mashine nyingi zinatumia koni ya aina inayoitwa Morse, hizi ndogo mara nyingi saizi namba 2, unene wake unapungua kama milimita 1 kwa kila milimita 20 za urefu, ni kidogo sana, ndiyo maana ikiwa safi inakamata kweli na ikiwa na grisi inateleza. Na mashine ya mtumba bwana, muuzaji anaipaka grisi kila mahali ili ing'ae!

Chomoa plagi. Toa koni, futa ya kiume na ya kike kwa kitambaa chenye thina mpaka kitambaa kitoke cheupe, huko ndani tumia kijiti. Pitisha kidole, ukikuta kinundu kipige msasa laini hapo hapo tu, usisugue koni nzima. Halafu chora mistari minne ya maka pen kutoka juu hadi chini ya koni, iingize, izungushe kidogo, itoe uangalie. Wino ukifutika urefu wote uko salama, ukifutika ncha moja tu hizo koni haziendani na hapo hata ugonge vipi itadondoka, tafuta nyingine.

Kurudisha sasa, zungusha meno ya mdomo yaingie yote ndani, sukuma juu kwa nguvu, kisha gonga kwa nyundo ya mpira au ya mbao. Ukigonga meno yakiwa nje unayaua. Na hilo la kuchomoka biti ikitokea upande wa pili, ni kwa sababu inauma chuma na kujivuta chini, kwahiyo ukikaribia punguza mkono, weka ubao chini ya kazi, na kazi ifungwe kwa jiliwa au klampu, siyo kijana aishike. Glovu pia avue, biti ikiikamata inaondoka na vidole.

Swali: Mambo fundi, natengeneza meza za stenlesi za watu wa samaki hapa Kirumba. Biti zinapiga kelele, zinatoa moshi na kuwa bluu, tobo mbili biti imekwisha. Ni feki?

Jibu: Feki zipo, ila mimi naanza na spidi. Biti ya milimita 10 kwenye chuma cha kawaida inataka kama mizunguko 700 hadi 800 kwa dakika, stenlesi nusu ya hapo au chini kidogo. Fungua kifuniko cha juu uhamishe mkanda, puli ndogo upande wa mota na kubwa upande wa biti. Wengi mkanda wameukuta pale siku ya kununua na upo pale pale hadi leo.

Halafu usiibembeleze. Stenlesi ukiisugua bila kuikata inakuwa ngumu zaidi, kwahiyo gandamiza mfululizo huku ukidondoshea oili ya kukatia, makapi yakiacha kutoka inua. Yaangalie hayo makapi, biti iliyonolewa sawa inatoa nyuzi mbili zinazojikunja, moja kila upande. Ukiona uzi mmoja na upande wa pili ni unga, jua umenoa kombo na hata tobo litatoka kubwa kuliko biti.

Swali: Mota ya drili inanguruma tu haizunguki mpaka niisukume kwa mkono. (Msomaji, Sengerema)

Jibu: Acha kusukuma kaka, utakatwa. Plagi ikiwa nje zungusha kwa mkono, kama ni nyepesi mshukiwa wa kwanza ni kapasita, na hiyo inabaki na umeme hata ukichomoa plagi, mwachie fundi umeme. Kama tatizo linakuja tu pale jirani anapochomelea, au unapotumia waya wa ekstensheni mrefu na mwembamba, basi umeme unafika umechoka, pima kwanza kama unapata karibu na volti 230 ndipo ununue kapasita.