Mtoto akiuliza "tunamshukuru Mungu kwa lipi?"

Bwana Yesu asifiwe, dada yangu. Nimesoma ulichoandika nikiwa kwenye daladala asubuhi, na kutwa nzima kimenikaa moyoni. Umesema mzee wako, baba wa watoto, hana kazi tangu Januari. Mmeanzisha ibada ya jioni nyumbani mara mbili, na mara zote mbili imekufa kabla ya wiki mbili kuisha. Juzi ulipowaambia watoto kila mmoja ataje jambo la kumshukuru Mungu, kijana wako wa miaka 14 akauliza, "Kwani tunamshukuru kwa lipi?" Ukamfukuza akalale, na sasa unatuuliza wazazi wenzio tunafanyaje.

La haraka kwanza. Nenda kwa huyo kijana leo, usisubiri Jumapili. Mwambie swali lake si dhambi. Fungua naye Zaburi ya 13, ina mistari sita tu, inaanza hivi: "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" Aliyeomba hivyo aliuliza makali kuliko mwanao, na swali lake likatiwa ndani ya Biblia tuisome mpaka leo. Msifike haraka kwenye mstari wa sita unaosema "nimwimbie BWANA". Kaeni kwanza kwenye "hata lini".

Nasema hivi kwa sababu swali hilo liliulizwa nyumbani kwangu pia, nami nililijibu vibaya.

Mwaka 2020, mwezi wa nane, kampuni aliyokuwa akifanyia kazi mume wangu ilipunguza watu. Alikuwa mtunza stoo pale kwa miaka 11. Alirudi saa tano asubuhi na boksi dogo, ndani yake kikombe chake cha chai na sweta. Tunaishi Kimara, nyumba ya kupanga, watoto watatu, na kodi ya miezi sita ilikuwa imekaribia. Nikaanza kukaanga vitumbua alfajiri, yeye akawa anatafuta vibarua. Siku nyingine anapata, siku nyingi anarudi mikono mitupu, na mwanaume akirudi hivyo wiki ya tatu mfululizo unaona hata anavyovua viatu amebadilika.

Mimi ni mtoto wa mwinjilisti wa Kilutheri, nimekulia Marangu kwenye nyumba ambayo huli kabla hujaimba. Nikaona ibada ndiyo itakayotushika. Tukaiweka saa tatu usiku, baada ya taarifa ya habari. Baba Neema ndiye aliyekuwa anachagua mstari, na mstari ule kila siku ulikuwa na mtu wake wa kupigwa. Mtoto amevunja sahani, tunasoma juu ya utii. Mimi nimejibu kwa ukali, tunasoma juu ya mke mwema. Halafu inakuja sala ya shukrani, ile tunayoijua wote kwa moyo: asante kwa uzima, asante kwa pumzi, wengine walitamani kuiona siku ya leo hawakuiona. Mtoto wetu wa mwisho alikuwa ameshalala kwenye "asante" ya kwanza.

Usiku mmoja Neema, wakati huo ana miaka 13, akasema, "Mama, wewe unalia jikoni. Ukija hapa unasema asante." Nikamwambia anyamaze, asimjaribu Mungu.

Sikupata usingizi. Mtoto alikuwa amesema kweli, na mimi nilikuwa nimelitumia jina la Mungu kumfunga mdomo. Hilo ndilo lililoniuma kuliko kukosa kodi.

Kesho yake kwenye jumuiya nilimweleza mama mmoja, mzee wa kanisa. Hakunipa mahubiri. Alisema, "Acheni kuchomoa mistari. Chukueni kitabu kimoja mkisome mpaka kiishe. Anzeni na Ruthu, ni sura nne." Na akaongeza kwamba baba asisome peke yake, watoto wasome kwa zamu.

Tukahamisha ibada. Badala ya saa tatu, ikawa pale pale tukimaliza kula, mkeka bado uko chini, vyombo havijaondolewa. Dakika kumi. Mabadiliko haya naona ni madogo, lakini bila hayo tusingefika popote. Mtoto aliyeshiba ambaye hajaanza kusinzia anasikiliza.

Sasa hebu kisome hicho kitabu kama mtu asiye na kazi. Mistari mitano ya kwanza ina njaa, kuhama nchi, na misiba mitatu. Naomi, mjane aliyefiwa na wanawe wawili, anarudi Bethlehemu na mkwewe Ruthu, wanawake wa mji wanamshangaa, naye anawajibu, "Msiniite Naomi, niiteni Mara, kwa sababu Mwenyezi Mungu amenitenda mambo machungu sana." Anaendelea kusema kwamba alitoka hali amejaa, naye BWANA amemrudisha hana kitu. Zamu ilikuwa ya mume wangu. Alipofika hapo akanyamaza, akaiweka Biblia juu ya goti. Tukasubiri. Akasema, "Huyu mama ni mimi." Watoto hawakuwahi kumsikia baba yao akisema neno kama hilo. Wala mimi.

Halafu Neema akasema jambo ambalo sijalisahau. "Lakini baba, anasema amerudi hana kitu, na Ruthu amesimama hapo hapo pembeni yake."

Hatukuongeza kitu usiku ule. Tulisema Baba Yetu tukalala.

Sura ya pili Ruthu anakwenda kuokota masuke mashambani, jioni anarudi na efa ya shayiri. Efa ni kipimo cha kukaribia debe moja la kwetu. Nilimletea mdogo ndoo ya maji ya lita 20 aione, akashangaa mwanamke mmoja kuibeba nafaka yote hiyo. Naomi anapoona lile debe anauliza Ruthu ameokota wapi, na kabla hata hajatajiwa jina anasema abarikiwe huyo aliyekufahamu. Akitajiwa Boazi, mwenye shamba, anamtaja na BWANA, kwamba hakuuacha wema wake kwa walio hai wala kwa waliokufa. Tangu arudi Bethlehemu, hiyo ndiyo mara ya kwanza kinywa chake kinatoa baraka. Hakuna aliyemkemea kwa kujiita Mara. Kitabu kilimwacha aseme uchungu wake wote, kisha likaja debe la shayiri, na lile debe lilikuwa na mtu aliyelitoa, mtu mwenye jina.

Hapo nikaelewa kwa nini sala yetu ilikuwa imekufa. "Asante kwa uzima na pumzi" haikuwa na debe ndani yake, wala jina la mtu. Ni maneno ya kweli, lakini tulikuwa tunayasema kama mtu anayesalimia bila kumtazama anayemsalimia.

Mume wangu, kwa kuwa ni mtu wa stoo, akachukua kaunta buku moja ambalo halijaisha akapiga mistari kama leja ya kazini: tarehe, kilichoingia, kiasi, kimetoka kwa nani. Unga kilo 5, Mama Salma. Sketi ya shule imerefushwa, fundi cherehani wa pale kona, amekataa hela. Sukari nusu kilo kwa deni, Mangi wa dukani, hajanuna. Vitumbua vyote vimeisha kabla ya saa mbili, mvua haikunyesha. Baada ya kusoma, mtu wa zamu anaandika mstari mmoja, mwingine anasema sala kwa kutumia yale yaliyoandikwa siku hiyo. Siku isiyo na kitu tunaandika tarehe na kuacha wazi. Ziko siku za hivyo, dada, na sikukubali zijazwe kwa uongo. Mama Salma ni Mwislamu, na jina lake limo katika kurasa zile kuliko la mtu yeyote wa kanisani kwetu. Watoto wamemwombea jirani yao kwa jina miaka yote hii.

Mwaka uliofuata Neema alikuwa kwenye mafundisho ya kipaimara. Akaja nyumbani anakariri Katekisimo Ndogo, kile kitabu cha mafundisho ya imani ambacho Luther alikiandika mwaka 1529. Wengi tunaikumbuka kama kitu cha kukariri tusije tukaaibika mbele ya mchungaji, lakini iliandikwa ili mwenye nyumba awafundishe watu wa nyumba yake. Ukifika kwenye ombi la mkate wa kila siku, maelezo yake hayaishii kwenye chakula. Yanataja mavazi na viatu, nyumba na shamba, mifugo na fedha, hali nzuri ya hewa, amani, afya, marafiki wema, na majirani waaminifu. Neema alipofika kwenye majirani akaacha kukariri, akasema, "Mama Salma yumo."

Sasa nije kwenye mstari ulioutaja, 1 Wathesalonike 5:18. Umesema unaambiwa ushukuru "kwa kila jambo", kwa hiyo hata kwa mzee kukosa kazi, na moyo wako unakataa. Hivyo ndivyo unavyosomeka katika Biblia ya Union. Tafsiri ya Habari Njema inasema tuwe na shukrani "katika kila tukio", na Kigiriki chenyewe alichoandikia Paulo kinasema "katika". Kushukuru ukiwa ndani ya jambo si sawa na kulishukuru jambo lenyewe. Najua mtu atanitajia Waefeso 5:20, "kwa mambo yote", na siukimbii mstari huo. Lakini Paulo huyo huyo aliwaambia Warumi walie pamoja nao waliao, na Wathesalonike hao hao, waliokuwa wamefiwa, hakuwaambia wasihuzunike kabisa. Aliwaambia wasihuzunike kama wasio na matumaini. Anayemtumia Paulo kumkaripia mtu anayelia hajamsoma Paulo mpaka mwisho.

Baba yangu alipenda kutukumbusha kwamba hata Biblia yetu ya Kiswahili ina machozi mwanzoni mwake. Mmisionari Mjerumani, Krapf, alianza kutafsiri Mwanzo kule Mombasa mwezi wa sita mwaka 1844. Mwezi uliofuata akamzika mkewe Rosine, na mtoto wao mchanga. Baba hakuwahi kusema Krapf alishukuru kwa makaburi yale. Alisema tu kwamba alirudi kwenye kazi.

Kuna jambo moja la makanisani ambalo naliona linatuumiza. Tumezoea kwamba anayekwenda mbele kutoa shukrani ni aliyepata: gari, ajira, mtoto amefaulu, mgonjwa amepona. Kwaya inaimba, ukoo unasindikiza, na ni vema. Lakini mwenye nyumba kama yako anakaa benchi la nyuma akijifunza kwamba shukrani ni ya wenye habari njema. Tulipomaliza mwaka mzima bila ajira, mume wangu ndiye aliyesema twende mbele. Niliogopa watu watafikiri kazi imepatikana. Tukaenda watano, na sinia la vitumbua. Mchungaji akamwuliza mnashukuru nini, naye akasema, "Bado sina kazi. Tunashukuru hatujalala njaa, na waliotulisha tunawajua kwa majina." Nje kwenye mnada sinia lile lilinunuliwa, likarudishwa, likanunuliwa tena, sijui mara ngapi. Kilichonigusa ni baada ya hapo. Wanaume wawili walimfuata mume wangu pembeni mwa kanisa, kila mmoja kwa wakati wake, kumwambia kwamba na wao hawana kazi na wake zao tu ndio wanaojua.

Kazi ilipatikana miezi mitatu baadaye, kwenye ghala, mshahara mdogo kuliko wa zamani. Sikuambii ilikuja kwa sababu tulishukuru. Ilikuja kwa sababu mtu alimjulisha nafasi ipo akaenda kuomba. Jina la huyo mtu limeandikwa pia.

Umeuliza itakuwaje mzee asipotaka kukaa. Wangu alikosa majuma mawili mazima, alikuwa anatoka nje kukaa kibarazani tukianza. Sikumwita, wala sikumwombea kwa sauti ili asikie, maana hayo nayo ni mapigo. Tulisoma mlango ukiwa wazi. Baadaye aliniambia alikuwa anasikia kila neno. Na wewe usibebe jukumu la kumfanya aamini. Weka mkeka, soma na watoto, mwachie nafasi yake ya kukaa.

Mdogo asiyejua kusoma mpe kazi ya kusimulia tena kilichosomwa. Atakosea na wenzake watamsahihisha, na katika kumsahihisha watakuwa wamesoma mara mbili. Tumia Biblia ya karatasi kama mnayo, simu ikishawashwa inaleta na mengine. Mkimaliza Ruthu ingieni Marko, sura zake 16 zinakwenda mbio na watoto wanapenda. Mkikosa siku moja au tatu, endeleeni pale mlipoachia, bila kuombana radhi.

Kaunta buku la kwanza lilijaa zamani, sasa tuko kwenye la tatu. Neema yuko chuo, akipiga simu jioni huwa anauliza zamu ni ya nani. Leo ni yangu, tupo Luka sura ya 17, wale wakoma kumi. Nikimaliza nitaandika jina la kijana wako, kwa sababu swali lake limenirudisha mbali. Jina hilo sihitaji kulijua, nitaandika "mtoto wa dada yangu". Ukishazungumza naye njoo utuambie amesema nini.