Waifai Imegoma: Maswali Yenu ya Kadi na Draiva

SWALI: Shkamoo fundi. Laptopu yangu ni ya Ryzen, waifai ilikuwa inakatakata nikaambiwa ninunue kadi ya Intel AX201 ndo ya kisasa. Imeingia vizuri kabisa mpaka skrubu imekaa, lakini nikiwasha haionekani popote, hata kwenye Divaisi Meneja hakuna kitu. Muuzaji anasema kadi ni nzima, mimi ndo nimeua laptopu. *Msomaji, Mwanza*

JIBU: Marahaba. Laptopu haijafa, na inawezekana kabisa kadi nayo ni nzima, ila hizo mbili haziwezi kufanya kazi pamoja. AX201 sio kadi iliyokamilika, sehemu ya kazi yake inafanyika ndani ya chipu za Intel zenyewe, mfumo unaitwa CNVi, kwahiyo kwenye mashine ya AMD kama hiyo Ryzen yako inaingia tu tundu lakini haina wa kuongea naye. Unayoitaka ni AX200, tofauti ni hiyo namba ya mwisho tu, yenyewe imejitosheleza na inatumia PCIe, njia ya kawaida ya kuunganisha kadi ndani ya kompyuta, au AX210 kama mfuko unaruhusu. Mrudie muuzaji kwa upole akubadilishie, wengi wanauza bila kujua hili.

Ukifunga nyingine chomoa betri kwanza. Vichwa vya zile nyaya mbili za antena ni vidogo sana kwenye kadi hizi, weka kichwa wima juu ya pini yake alafu bonyeza kwa ncha ya kidole mpaka usikie "ka", ukilazimisha kwa ubavu kinapinda na signo itakuwa dhaifu hata ukikaa karibu na ruta.

SWALI: Nimenunua kile kidude cha waifai cha USB, kwenye Windows kinakubali ila nikichomeka kwenye Ubuntu kinakuja kama CD. *Msomaji, Nakuru*

JIBU: Hicho kinabeba draiva ya Windows ndani yake ndo maana kinaanza kwa kujifanya CD. Fungua terminali andika lsusb, amri inayoorodhesha vifaa vya USB, ukiona 0bda:1a2b basi ni Realtek na bado kiko kwenye hali ya CD. Bonyeza ijekti kwenye hiyo CD, subiri kidogo, andika lsusb tena, namba ikibadilika ndo hiyo mpya utakayotumia kutafuta draiva. Usitafute kwa jina la kwenye boksi jamani, boksi moja linaweza kuwa na chipu tofauti kila mzigo unapoingia.

SWALI: Baba ana Dell Axim X5, ile Pocket PC ya zamani, kompyuta ndogo ya mkononi, mpaka leo anaandikia madeni ya wateja wa duka kwenye Pocket Word. Nimempatia kadi ya waifai ya CompactFlash ili tuhamishie kwenye laptopu, inaona mtandao wa nyumbani ila haiungi, na paswedi ni sahihi. *Msomaji, Tanga*

JIBU: Kwanza kabla hujagusa tena hiyo kadi, okoa madeni ya mzee. Pocket PC za wakati ule, kabla ya mfumo wa Windows Mobile 5, zinaweka mafaili kwenye RAM, kumbukumbu inayohitaji umeme muda wote, betri ikiisha kabisa kila kitu kinafutika, na kadi ya waifai inakula betri kwelikweli. Tafuta SD ya GB 2 au chini ya hapo, hizi za GB 4 kwenda juu ni SDHC na hiyo mashine haizisomi, iformati FAT, ichomeke kwenye tundu la SD, alafu kwenye Pocket Word hifadhi kila faili kwa aina ya Plain Text ukilielekeza kwenye kadi. Ukiichomeka laptopu yanafunguka bila shida yoyote, na kusema kweli kazi uliyokuwa unaitaka itakuwa imeshaisha hapo.

Kama bado unaitaka waifai, sababu ya kugoma ni kwamba ruta yenu inatumia WPA2, ulinzi wa kisasa wa waifai, na hiyo mashine inajua WEP tu, ulinzi wa zamani, WPA iliingia kwenye toleo la Windows Mobile 2003 Second Edition. Tafadhali usishushe ruta ya nyumbani iwe WEP, inavunjwa ndani ya dakika chache na simu zenu zote zipo humo humo. Chukua ruta nyingine ya zamani isiyounganishwa na intaneti, iweke 2.4 GHz hali ya 802.11b, waifai ya kizamani, WEP ya biti 128 ambayo paswedi yake ni herufi 13 kamili, uiwashe wakati wa kuhamisha tu. Intaneti usiitegemee humo, brauza yake ni ya kizamani mno, tovuti nyingi za leo za HTTPS hazitafunguka hata waifai ikikubali.

Na mzee mwambie hiyo SD aiache humo humo, kila jioni akifunga duka ahifadhi hesabu kwenye kadi.