Jibu: Nafuta TikTok, kesho yake nairudisha

Habari ndugu. Umesema unaifuta TikTok, kesho yake umeshaipakua tena, na usiku unakesha nayo hadi saa nane. Kwanza kabisa angalia simu inalala wapi. Ikiwa chini ya mto, kikomo cha dakika hakitakusaidia: hata kile cha dakika 60 kwa siku ambacho TikTok wenyewe waliwawekea walio chini ya miaka 18 mwaka 2023, namba ya siri tu inakivuka. Mimi chaja yangu naiacha sebuleni, na nimenunua saa ya mezani ya kuniamsha.

Zima arifa zote, bakiza za kupigiwa na SMS. Skrini nayo igeuze iwe nyeusi na nyeupe. Video zinapoteza utamu upesi mno. Ukiweka kikomo, namba ya siri aiweke mtu mwingine wa nyumbani.